Jino la kupandikiza hulipwa kwa awamu: jua unalipia nini kabla ya kutuma

Ukiuliza bei ya jino la kupandikiza, mara nyingi utatajiwa jumla moja kubwa, kisha uambiwe, "Tuma tu kwa simu tuanze." Shida ni kwamba kazi hii haiishi siku moja. Kuanzia uchunguzi hadi utafune kwa jino jipya, inaweza kuchukua miezi mitatu, sita au zaidi. Ukituma pesa zote siku ya kwanza na mambo yaharibike katikati, utabaki unapiga simu tu ukibembeleza.

Kwa hivyo tuanze na kazi yenyewe. Ukiielewa, utajua ni lini ulipe na ulipie nini.

Jino likitoka, hutoka na mzizi wake. Meno bandia ya kuvaa na kuvua hukaa juu ya fizi. Daraja nalo hushikiliwa na meno ya jirani, ambayo kwa kawaida huchongwa hata kama ni mazima. Kipandikizi kinachukua nafasi ya mzizi: daktari anatoboa mfupa wa taya, anaingiza skrubu ndogo, mara nyingi ya titani, halafu mfupa unaachwa uishike. Jino lenyewe, lile unaloliona ukicheka, linafungwa juu yake baadaye.

Aliyeonyesha kwamba mfupa hushikana na titani hivyo ni mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, na mgonjwa wa kwanza aliwekewa vipandikizi vyake mwaka 1965. Tangu wakati huo vifaa vimeboreshwa sana, ila mfupa bado unakwenda kwa mwendo wake. Kuna wanaowekewa jino la muda siku hiyohiyo, na ni sawa daktari akiona inafaa, lakini hata hao hawatakiwi kutafunia mahindi ya kuchoma upande huo.

Awamu ya kwanza ni uchunguzi na picha ya eksirei. Usiiruke. Pengo likikaa miaka mingi, mfupa wa pale hupungua, na huenda ukahitaji kuongezwa kwanza, jambo ambalo lina gharama yake na muda wake. Taya la chini lina mshipa wa fahamu ndani yake. Ukiguswa vibaya, mdomo unaweza kubaki na ganzi. Ndiyo maana bei unayopewa kwa WhatsApp kabla ya picha ni ya kukisia tu, na mtu anayetaka kukutoboa bila picha, ondoka kwake. Hapo pia ndipo pa kusema ukweli wote: kisukari, sigara, ugonjwa wa fizi, dawa za mifupa unazotumia. Mambo hayo yanaweza kuifanya skrubu isishike.

Awamu ya pili ni upasuaji wa kuweka skrubu, kwa kawaida kwa ganzi ya mdomoni. Ya tatu ni jino la juu, mfupa ukishapona.

Tupige hesabu ya mfano, si bei ya kliniki yoyote. Tuseme jumla ni KSh 150,000: uchunguzi na picha 8,000, upasuaji na skrubu 85,000, jino la juu 57,000. Siku ya upasuaji utakuwa umelipa 93,000. Zile 57,000 hazihitajiki hadi mfupa upone. Ikiwa ni miezi minne, unaweka kando 14,250 kila mwezi kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa. Mkopo wa simu wa siku 30 haufai hapa hata kidogo. Utaanza kuulipa kabla hujapata jino la kutafunia.

Omba mgawanyo huo kwa maandishi. Uliza waziwazi: hii bei ni ya skrubu peke yake, au na jino la juu limo? Matangazo mengi ya bei nafuu hukwamia hapo. Uliza pia skrubu isiposhika ni nani atalipia kurudia. Vipandikizi vingi hushika, lakini si vyote, na swali hilo ni gumu kuuliza baada ya pesa kwenda. Kama una bima, pata jibu lao kwa maandishi pia kabla ya kuanza.

Sasa kutuma. Lipa kwa paybill au till iliyosajiliwa kwa jina la kliniki, si kwa namba ya simu ya mtu, hata akiwa ndiye aliyekupokea pale mapokezi. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN; likitofautiana na la kliniki, simama uulize. Kwenye sehemu ya akaunti ya paybill andika namba ya faili lako. Ujumbe wa malipo usiufute, na udai risiti inayotaja awamu uliyolipia, kwa sababu ujumbe wetu unaonyesha kiasi na aliyepokea tu, hauonyeshi alipokelea nini.

Kabla ya shilingi ya kwanza, tafuta jina la daktari na la kliniki kwenye rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari wa meno nchini. Inapatikana mtandaoni na haichukui muda.

Kitu kimoja ambacho wengi husahau: siku ya upasuaji omba aina na saizi ya skrubu uliyowekewa, uipige picha uihifadhi pamoja na risiti. Ukihamia Kisumu au Mombasa na jino la juu lilegee, daktari mwingine atahitaji kujua ni skrubu gani, maana vifaa vya aina moja mara nyingi haviingiliani na vya nyingine.