Hataza na Hakimiliki: Mfano wa Kodeki za Video

Istilahi hataza na hakimiliki hutumiwa mara nyingi kana kwamba maana yake ni moja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja, hasara ya kuzichanganya.

Kodeki ni utaratibu wa kuibana video ili ipite kwa urahisi katika intaneti, na kuifumua tena imfikiapo mtazamaji. Kodeki iitwayo H.264 ilisanifiwa mwaka 2003, ikaenea sana. Lakini mbinu zake nyingi zilikuwa na hataza za makampuni mbalimbali. Aliyetoa programu yenye kodeki hiyo alihitaji leseni, na pengine kulipa mrabaha. Ndiyo sababu Mozilla, watengenezaji wa kivinjari Firefox kinachotolewa bila malipo, waliikataa kwa miaka kadhaa.

Mwezi Oktoba 2013 kampuni ya Cisco ya Marekani ilitangaza kwamba itatoa programu ya H.264 bila malipo, na mwaka 2014 Firefox ikaanza kuitumia katika mazungumzo ya video. Msimbo wa programu hiyo uliwekwa wazi: yeyote aliruhusiwa kuunakili na kuurekebisha, kwa kuwa mwenye hakimiliki aliridhia. Hata hivyo, mrabaha wa hataza Cisco iliukubali kwa nakala zile tu ilizozitayarisha na kuzigawa yenyewe. Aliyeuchukua msimbo huohuo akajitengenezea nakala yake, suala la hataza lilikuwa juu yake.

Tofauti sasa ni dhahiri. Hakimiliki hulinda namna kazi ilivyoandikwa. Hataza hulinda uvumbuzi, yaani mbinu yenyewe, hata mtu mwingine akiiandika upya kwa namna yake. Na kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa.

Basi mfasiri wa mkataba akiandika hakimiliki mahali pa hataza, mtumishi wa serikali aweza kutia sahihi akiamini kwamba ruhusa zote zimekwisha kupatikana, kumbe deni bado lipo. Twashauri pia maneno mengine mawili yatenganishwe: bila malipo litumike kwa habari ya bei, na huru kwa habari ya ruhusa. Kitolewacho bila malipo si lazima kiwe huru.