Mtego wa mwizi wa pikipiki uko kwenye stendi

Mwizi wa pikipiki hahitaji funguo. Loki ya usukani anaivunja kwa nguvu, waya za swichi anazikata na kuziunganisha, chombo kinawaka. Kwa kijana wa bodaboda aliyechukua pikipiki kwa mkataba, asubuhi yake hakuna kazi na deni liko palepale.

Ving'ora vingi vinavyouzwa madukani hunasa mtikiso. Lori likipita vinalia, mtoto akiegemea siti vinalia, paka akiruka vinalia. Majirani wakishazoea kelele hizo hawatoki tena nje, na mwenye mali mwenyewe hukizima king'ora chake apate usingizi.

Lipo jambo moja ambalo mwizi hana namna ya kulikwepa. Pikipiki iliyoegeshwa kwa stendi ya pembeni imelalia kushoto. Ukitaka kuipanda au kuisukuma, sharti uinyanyue iwe wima. Hapo ndipo pa kumtegea.

Kinachohitajika ni swichi ya mlalo, yaani kikopo kidogo chenye kigololi ndani. Kikiinamishwa upande mmoja, ncha mbili za waya zimeachana. Kikigeuzwa, kigololi kinazigusanisha. Ifungwe chini ya siti, ikae wazi pikipiki ikiwa kwenye stendi na igusane ikisimama. Kutafuta pembe hiyo ndiyo kazi yenyewe, na isifanywe kwa haraka: inyanyue pikipiki na kuilaza tena na tena kabla ya kukaza skrubu.

Saketi yake ni nyepesi. Kutoka chanya ya betri ya volti 12, waya upite kwenye fyuzi ya ampia 2, kisha swichi ya siri ya kuwashia na kuzimia kifaa, kisha king'ora, uingie anodi ya thairista C106. Kathodi iende hasi. Baada ya swichi ya siri, waya mwingine upite kwenye swichi ya mlalo na rezista ya kilo-omu 10 hadi geti. Kati ya geti na kathodi weka rezista ya kilo-omu 1 pamoja na kapasita ya maikrofaradi 10, ili mguso wa ghafla wa kigololi usiamshe kitu.

Thairista ikishafunguka haijifungi. Mwizi akishtuka akairudisha kwenye stendi, kelele inaendelea mpaka mwenyewe abonyeze swichi ya siri. Ila ukitumia honi ya kawaida badala ya king'ora, utashangaa inanyamaza pikipiki ikirudishwa kwenye stendi, kwa sababu honi hukatakata umeme ndani yake na thairista inajifunga. Dawa ni taa ya LED na rezista yake ya kilo-omu 1, sambamba na honi: miliampia kama 9 zinazopita hapo zinatosha kuishikilia.

Faida nyingine ni betri. Kifaa kinachokula miliampia 15 muda wote humaliza betri ya ampia-saa 5 kwa wiki mbili. Saketi hii ikiwa kimya haili kitu cha kuhesabika.

Wengine huongeza relei ya kukata moto wa injini. Kwa anayejifunza kuchomea waya sipendekezi hata kidogo. Kiungo kibovu cha king'ora kitakunyima kelele tu, lakini kiungo kibovu kwenye waya wa moto kinaweza kuizima injini ukiwa unalipita lori, na abiria yuko nyuma yako.