Fahamu: Sacco yako ikiungana na nyingine, haki yako iko wapi?

Nchini Kenya, viongozi wa sacco mbili hawawezi kukaa ofisini wakaziunganisha. Sheria ya Vyama vya Ushirika inataka kila chama kiitishe mkutano wa wanachama na kupitisha azimio maalum, yaani theluthi mbili ya wanaohudhuria na kupiga kura wakubali.

Azimio hilo ni la awali tu. Nakala hutumwa kwa wanachama wote na wadai, kisha ipite angalau miezi 3 kabla ya mkutano wa pili wa kulithibitisha. Muda huo ndio kinga yako. Kama hutaki kujiunga na chama kipya, waandikie viongozi barua angalau mwezi 1 kabla ya tarehe ya kuungana, nacho chama chako kipange kukurudishia hisa zako. Anayekidai chama anaweza kudai alipwe kwanza. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kipengele ambacho kila mwanachama anastahili kusomewa kwa sauti mkutanoni.

Kamishna wa ushirika akiridhika, husajili chama kipya na kufuta usajili wa vya zamani. Mali na madeni yote huhamia huko, mkopo wako ukiwemo.