Umejuaje?

Waliosoma Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, wanaijua raha ya kukaa kando na kumwachia Bwana Msa kazi yote. Yeye na kiko chake huchunguza mambo ambayo wengine huyaona ya kipuuzi, na mwishowe humfumbua mkosaji. Sisi wasomaji nasi huwa tumekwisha kumshuku huyu na yule njiani. Lakini tukikosea, nani ajuaye? Tunafunua ukurasa wa mwisho, tunapewa ukweli bure, na pengine tunajidai kwamba tuliujua tangu mwanzo.

Huo ndio udhaifu wa hadithi za upelelezi. Humwalika msomaji afikiri, bali hazimlazimishi. Aliyefikiri na asiyefikiri hufika mwisho pamoja.

Wapo waandishi waliouona upungufu huo zamani. Mwaka 1936, huko Uingereza, Dennis Wheatley na mwenzake J. G. Links walitoa Murder off Miami, kitabu kilichofanana na jalada la polisi kuliko riwaya. Ndani yake mlikuwa na picha, simu za maandishi, nywele, kijiti cha kiberiti kilichokwisha kuwashwa, na kipande cha pazia chenye doa la damu. Kurasa za jibu zilifungwa, ili msomaji azifungue akiisha kukata shauri. Hata hivyo karatasi haina mlinzi, na asiye na subira aliweza kuichana usiku ule ule.

Mlinzi alikuja na kompyuta. Mwaka 1982 kampuni ya Infocom ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Deadline, kazi ya Marc Blank. Haukuwa na picha kiooni. Ulikuwa maandishi matupu, mchezaji akiandika amri na kompyuta ikimjibu. Tajiri mmoja amekutwa amekufa katika chumba chake cha vitabu, mlango umefungwa kwa ndani, na mpelelezi amepewa muda wa saa 12 tu. Kwa kuwa diski za siku hizo hazikutosha kubeba maelezo yote, mchezo uliuzwa pamoja na mahojiano ya polisi, ripoti ya maabara na vidonge vya bandia. Mchezaji akimkamata mtu bila ushahidi wa kutosha, huarifiwa kwamba kesi imeanguka. Hapo msomaji hawi tena mtazamaji, na kosa huwa lake mwenyewe.

Lakini kompyuta nayo ina kasoro yake. Haichoki kuulizwa. Mchezaji mvivu aweza kuwataja washukiwa mmoja baada ya mwingine hadi apatie, mfano wa mtu ajaribuye kila ufunguo katika shada. Mtu huyo amepata jina, hajapata ukweli. Basi kazi ngumu ya watungaji wa michezo hii ni kuizuia bahati isijifanye akili.

Lucas Pope alilikabili jambo hili vizuri katika Return of the Obra Dinn, mchezo alioutoa mwaka 2018. Ni mwaka 1807. Merikebu iliyopotea imerudi bandarini Uingereza bila mtu aliye hai ndani yake, na mkaguzi wa bima ametumwa kujua yaliyowapata watu 60. Saa ya ajabu ya mfukoni humwonyesha dakika ya kifo cha kila maiti aionayo. Juu yake ni kuandika kitabuni jina la kila mtu, jinsi alivyofikwa na mauti, na kama aliuawa, nani aliyemwua. Kitabu hakithibitishi jibu moja moja. Hungoja hadi majibu matatu yawe sahihi kwa pamoja. Hivyo mchezaji hana budi kusikiliza lafudhi, kutazama mavazi, na hata kusoma namba za vitanda vya kuning'inia vya mabaharia. Bahati yaweza kupatia mara moja, lakini si rahisi kupatia mara tatu kwa mpigo.

Mitaani mwetu hakuna kitabu cha namna hiyo. Sauti moja ya “Mwizi!” sokoni yatosha kukusanya mawe na fimbo kabla hajapatikana mtu wa kuuliza ni nani aliyeona. Katika mchezo, aliyetuhumiwa kwa makosa hurudi mzima mchezo ukianzishwa upya. Sokoni harudi.

Wazazi wengi huiona michezo hii kuwa ni upotevu wa muda, na iko ambayo kweli ni upotevu. Lakini amwonaye mwanawe ameinamia fumbo la namna hii, kabla hajamwamuru azime, na amwulize anamshuku nani. Akiisha kujibu, amwulize tena: umejuaje?