MOSHI WA MAKAA YA MAWE

Akina mama wa Ikombe ni wafinyanzi hodari. Vyungu vyao huuzwa katika soko la Matema, na hata mbali zaidi. Siku ya kuchoma vyungu, hakuna anayependa kusimama upande unakoelekea moshi. Akisimama huko, macho humwasha na kifua humbana.

Moto wa vyungu huzimika upesi. Je, moshi ukitoka usiku na mchana, mwaka mzima?

Makaa ya mawe yako katika eneo letu. Yako Kiwira, upande wa Ileje na Kyela. Mgodi wa huko ulijengwa kwa msaada wa China, ukaanza kazi mwaka 1988. Ulijengewa pia mtambo wa umeme wa megawati 6, uliotumia makaa hayo.

Mtambo wa namna hiyo huweza kuchafua hewa kwa vitu vitatu. Kwanza, vumbi la makaa. Pili, majivu laini yanayopanda na moshi. Hayo huingia mpaka ndani ya mapafu. Tatu, hewa ya salfa. Hewa hii huwasha koo na huwazidishia taabu wenye pumu.

Je, uchafu huu unaweza kuzuiwa? Ndiyo.

1. Makaa hunyunyiziwa maji, na malori hufunikwa maturubai.
2. Moshi hupitishwa katika mifuko mikubwa ya kitambaa. Mifuko hukamata majivu, kama chujio linavyokamata majani ya chai.
3. Moshi hunyunyiziwa maji ya chokaa. Chokaa hukamata salfa.
4. Majivu hulowanishwa na kuwekwa mbali na mito. Mto Kiwira huingia Ziwa Nyasa. Uchafu wa mtoni huwafikia wavuvi.

Wengine husema, "Dohani ni ndefu, hakuna taabu." Wanakosea. Dohani ndefu huupeleka moshi mbali, lakini haiupunguzi. Usipoanguka kwako, utaanguka kwa jirani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila mtu ana haki ya kuwa na mazingira safi na salama. Kabla ya kujenga mtambo mkubwa, ni lazima madhara yake yachunguzwe, na wananchi watoe maoni. Siku hiyo usikae kimya. Uliza: "Ni chombo gani kitakamata majivu? Nani atakikagua?" Afadhali kuuliza mapema kuliko kukohoa baadaye.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini dohani ndefu peke yake haitoshi?
2. Kijijini kwetu, upepo huvuma kutoka wapi asubuhi? Na jioni?