Impreza kuukuu na mashine ya kupimia: dola 15 zinafika wapi, dola 600 zinaanzia wapi

Chini ya usukani wa Subaru Impreza WRX ya mwaka 2002 iliyotoka Japani kuna soketi yenye matundu 16, umbo lilelile unaloliona kwenye karibu kila gari la siku hizi. Kifaa cha Bluetooth cha dola 10, yaani kama shilingi 1,300 za Kenya, kinaingia humo bila kulazimishwa. Taa yake inawaka, simu inakiona. Kisha programu inazunguka weee, halafu inakuambia gari halipatikani. Mwenye gari anarudi dukani kulalamika kwamba ameuziwa kibovu. Muuzaji anakichomeka kwenye gari jingine hapo nje na kinasoma bila shida. Hakuna anayemdanganya mwenzake.

Ile taa haithibitishi kitu. Tundu la 16 lina umeme wa betri wakati wote, la 4 na la 5 ni ethi, kwa hiyo hata kifaa kisicho na akili yoyote kitawaka. Mazungumzo na kontrolboksi ya injini yanapita kwingine: tundu la 7 kwa magari ya zamani, la 6 na la 14 kwa mapya. Marekani iliwalazimisha watengenezaji kufuata kanuni moja, OBD-II, kuanzia magari ya 1996. Umoja wa Ulaya ulifanya hivyo kwa magari ya petroli kuanzia 2001. WRX iliyouzwa ndani ya Japani mwaka 2002 haikufungwa na sheria ya Marekani wala ya Ulaya. Nyingi zilibaki na utaratibu wa Subaru wenyewe, SSM, uliopewa jina la mashine ya mawakala wao, Subaru Select Monitor. Pacha wake aliyeuzwa Uingereza mwaka huohuo anajibu OBD-II kama kawaida, na yeye pia ana usukani wa kulia. Ndiyo maana ushauri wa rafiki kwamba "yangu ilisoma" hauna uzito mpaka ujue gari lake liliuzwa mara ya kwanza nchi gani.

Kabla ya kuuliza bei, basi, uliza mwaka na soko. Impreza za kwanza, GC8 za 1992 hadi 2000, nyingi zinaongea SSM ya zamani kwa biti 1,953 kwa sekunde. Kizazi kilichofuata, cha 2000 hadi 2007, kilihamia SSM ya pili yenye biti 4,800. Baadaye ukaingia mfumo wa CAN, ambao Marekani iliufanya wa lazima kwa magari yote ya 2008, na kasi ikaruka hadi biti 500,000. Kwa gari la CAN kile kifaa cha dola 10 kina kazi ya kufanya. Kwa haya mawili ya mwanzo, likiwa gari la soko la Japani, usikitegemee.

Hapa niseme jambo kuhusu hivi vya dola 10. Vingi vinadai kuwa na chipu ya ELM327, iliyobuniwa na Elm Electronics ya Kanada. Toleo la kwanza halikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa, nalo likanakiliwa duniani kote. Ukikuta kifaa kinachojitambulisha kuwa toleo la 1.5, umeshika nakala, kwa sababu kampuni yenyewe haikutoa toleo lenye namba hiyo. Nakala si lazima iwe mbovu. Tatizo ni kwamba hujui inaweza amri zipi na haiwezi zipi, na programu za kawaida za simu zinauliza maswali ya OBD-II tu.

Mwenye GC8 anaweza kuanza na shilingi sifuri. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna viunganishi vyeusi visivyounganishwa na kitu. Viunganishe, washa swichi bila kupiga stata, halafu hesabu taa ya injini inavyopepesa: mpepeso mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Mirefu miwili na mifupi miwili ni 22, sensa ya kugonga. 23 ni kipima hewa, 44 ni soleno ya kudhibiti presha ya turbo. Viunganishi vya kijani vilivyo karibu na hivyo viache; ni vya hali ya majaribio, na feni na pampu ya mafuta zitaanza kuwaka na kuzima zenyewe, kitu ambacho kimeshawatisha wengi bure.

Kwa kizazi cha 2000 hadi 2007, kifaa ninachokiheshimu kuliko vyote ni kebo ya KKL, ile inayouzwa kwa ajili ya Volkswagen kwa jina la VAG 409.1. Bei ni dola 10 hadi 20. Tafuta yenye chipu ya FTDI, maana za chipu nyingine zinasumbua kompyuta. Programu mbili za bure, FreeSSM na RomRaider, zinaitumia kuongea SSM moja kwa moja. Unahitaji laptopu, hata ya zamani. Kama huna na utalazimika kuinunua kwa ajili hii tu, ongeza gharama hiyo kwenye hesabu zinazofuata. Mimi nachukulia ipo.

Ngazi ya juu yake ni Tactrix OpenPort 2.0, ambayo bei yake huwa kati ya dola 170 na 200. Hii inaweza pia kuandika upya ramani ya injini, na kurekodi safari kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu bila laptopu kuwa kitini. Juu zaidi ziko tableti za gereji za Launch na Autel, kuanzia kama dola 400 hadi kupita 1,000.

Sasa tuzipange. Tuseme dola ni shilingi 130 na fundi wako anatoza shilingi 2,000 kila akipima kwa kompyuta. Kama kwenu ni tofauti, weka namba yako. Kebo ya dola 15 ni shilingi 1,950, inajilipa siku ya kwanza. OpenPort ya dola 180 ni shilingi 23,400, inajilipa safari ya 12. Tableti ya dola 600 ni shilingi 78,000, sawa na safari 39. Gari linalopimwa mara tatu kwa mwaka litaimaliza hesabu hiyo kwa miaka 13, na sijui WRX ngapi zitakuwa barabarani kwa mwenye mmoja muda huo wote.

Watu kumi wakichanga, picha inabadilika. Kila mmoja anatoa 7,800. Magari kumi yakipimwa mara tatu kila moja ni shilingi 60,000 kwa mwaka zilizokuwa zinakwenda gereji, kwa hiyo tableti inajilipa ndani ya miezi 16. Ugumu wa mpango huu hauko kwenye hesabu, uko kwenye swali la nani analala nayo Ijumaa usiku. Na msikubali kuburuzwa kulipia masasisho ya kila mwaka: gari la 2002 halitapata kontrolboksi mpya, na tableti nyingi zinaendelea kusoma kilichomo hata muda wa masasisho ukiisha.

Lakini ada ya kupima ndiyo sehemu ndogo ya pesa inayopotea. Kubwa ni spea zilizonunuliwa kwa kubahatisha. Chukua msimbo P0171, mchanganyiko mwepesi, yaani hewa nyingi petroli kidogo. Washukiwa ni angalau wanne: hewa inayovuja kwenye manifoldi, kipima hewa kichafu, pampu ya petroli iliyochoka, sensa ya oksijeni. Tuseme kurekebisha kila kimoja ni shilingi 6,000 na huna dalili ya kuanzia. Ukibadilisha kimoja baada ya kingine bila mpangilio, kwa wastani utampata mhalifu kwenye jaribio la 2.5. Hiyo ni shilingi 15,000, na 9,000 kati yake zimeishia kwenye maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, kwa spea ambazo hazikuwa na kosa.

Mashine inayosoma misimbo tu haipunguzi hasara hiyo hata kidogo. Kinachoipunguza ni namba za papo kwa papo, injini ikinguruma. Tazama asilimia ya marekebisho ya mafuta gari likiwa sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, kisha kwenye mizunguko 3,000. Ikiwa kubwa sailensa na kushuka ukikanyaga mafuta, hewa inavuja. Ikipanda kadiri unavyokanyaga, tazama pampu au kipima hewa. Washukiwa wanne wakipungua kuwa wawili, wastani unakuwa jaribio la 1.5 na hasara inakuwa shilingi 3,000. Umeokoa 6,000 kwa tatizo moja, mara tatu ya bei ya kebo.

Wauzaji wa tableti hupenda kutaja kasi. Kwenye gari hili kasi haiko mikononi mwao. Biti 4,800 kwa sekunde, kwa biti kumi kila baiti, ni baiti 480. Ombi la SSM la anwani kumi, yaani sehemu kumi za kumbukumbu ya kontrolboksi, lina baiti 37 na jibu lake lina 16. Jumla 53, ambazo zinachukua sehemu 0.11 ya sekunde. Unapata basi seti tisa hivi za namba kila sekunde. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 6,000 inachoma mara 200 kwa sekunde. Kati ya seti moja na inayofuata, moto umeshawaka mara 22 bila wewe kuona. Punguza hadi anwani mbili na unafika seti 22 au 23 kwa sekunde, yaani mchomo mmoja kati ya kila tisa. Mashine ya dola 1,000 inapita kwenye waya huohuo wa tundu la 7. Anayerekodi injini ikivuta kwa nguvu achague anwani tatu au nne zenye maana na aache kujaza skrini.

Anwani moja nisingeiacha kamwe, hasa wakati wa kununua. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo WRX ya 2002 unayooneshwa leo Nairobi imekuwa humu nchini muda mrefu na imepita mikononi mwa watu wengi. Baadhi yao walitaka kuwa Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally 1997 na Impreza, au Richard Burns, aliyeshinda nayo 2000. Injini ina kumbukumbu yake kuhusu hilo. RomRaider inaionesha kama IAM: kipimo cha jinsi kontrolboksi inavyoamini kwamba inaweza kuwahisha cheche bila injini kugonga. Kontrolboksi za mwanzo za kizazi hiki zinaihesabu 0 hadi 16, za baadaye 0 hadi 1.

Injini yenye afya inakaa 16. Ikikaa 4, inasikia kugonga na imejirudisha nyuma kujilinda, na wewe unanunua turbo isiyotumika. Si lazima iwe imeharibika. Gari hili lilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kiwango chao kinadai okteni 96 kwenda juu, na tangi la petroli duni peke yake linaweza kuishusha namba hiyo. Lakini pistoni za injini za turbo za Subaru zinajulikana kwa kuvunjika kingo za ringi kwa sababu ya kugonga, kwa hiyo namba hiyo ni ya kujadili bei.

Halafu kuna 8. Betri ikichomolewa au misimbo ikifutwa, IAM kwa kawaida huanza upya katikati, 8 kati ya 16, kisha inapanda gari likiendeshwa. Ukifika kwa muuzaji ukaikuta 8 na marekebisho ya mafuta yote ni sifuri kamili, kuna mtu amefuta kumbukumbu karibuni. Huenda alibadilisha betri tu. Muulize, halafu endesha nusu saa, pamoja na mlima mmoja kwa gia ya tatu au ya nne, uone kama inapanda kuelekea 16. Uwe umeandaa hili nyumbani: RomRaider inaonesha IAM pale tu namba ya kontrolboksi hiyo ipo kwenye faili zake, na za soko la Japani hazimo zote. Ramani iliyobadilishwa nayo inaweza kuanzia pengine.

Kebo haifiki kila mahali. Nguvu ya FreeSSM iko kwenye injini na gia. RomRaider ni hasa ya injini. Taa ya mifuko ya hewa ikiwaka hapo ndipo tableti inapolipiwa, na kwa mwenye gari moja inatosha kumlipa fundi shilingi 2,000 siku hiyo kuliko kununua ya 78,000. Ukiamua kununua hata hivyo, nenda dukani na gari lenyewe. Orodha ya "magari yote" kwenye boksi imehesabu Impreza za soko la Marekani pia. Chomeka, chagua Japani, fungua ukurasa wa injini, wa ABS na wa mifuko ya hewa mmoja mmoja, na usitoe pesa mpaka kurasa zote tatu zimekupa namba badala ya kuzunguka.