Faharasa katika hifadhidata: maana, utendaji na matumizi ya istilahi

Faharasa (nomino, ngeli ya i-/zi-) ni orodha ya maneno au mambo yaliyomo kitabuni, iliyopangwa kwa mfuatano wa alfabeti na kuonyesha kurasa yanakopatikana. Katika taaluma ya kompyuta, faharasa ni muundo wa data unaoiwezesha hifadhidata kuifikia taarifa inayotafutwa bila kulipitia jedwali zima. Maana ya pili imechipuka kutoka ya kwanza.

Utendaji wake

Msomaji anayetafuta neno moja katika kitabu kisicho na faharasa hana budi kufungua kila ukurasa. Hifadhidata nayo hufanya vivyo hivyo: ikiulizwa swali kuhusu safuwima isiyo na faharasa, husoma safumlalo zote, hata kama jibu ni moja tu. Jedwali likiwa na safumlalo 500, mtumiaji hahisi kitu. Likiwa na 1,000,000, husubiri.

Mpangilio ndio unaoondoa usumbufu huo. Orodha iliyopangwa huweza kugawanywa nusu kwa nusu, na kwa njia hiyo neno moja kati ya 1,000,000 hupatikana kwa ulinganisho usiozidi 20. Muundo unaotumiwa zaidi ni mti-B, ulioelezwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight katika makala iliyochapishwa mwaka 1972. Kila kifundo cha mti huo hugawanyika katika matawi mengi. Yakiwa 200, ngazi 3 hutosha kufikia mahali 8,000,000, yaani 200 × 200 × 200. Kwa kuwa kusoma diski huchukua muda mrefu kuliko kulinganisha maneno, uchache wa ngazi ndio siri ya wepesi.

Kikwazo cha viambishi awali

Mti-B hupanga maneno kuanzia herufi ya kwanza. Kwa hiyo, anayetafuta maneno yanayoanza na *andik-* husaidiwa mara moja, lakini anayetafuta maneno yenye *andik* popote ndani yake hasaidiwi, kwa kuwa hajui aanzie wapi. Ni sawa na kutafuta katika kamusi ya kawaida maneno yote yanayoishia na *-ika*: mpangilio upo, ila haumfai.

Kwa Kiswahili, jambo hili si dogo. Kitenzi hubeba viambishi vingi mbele ya mzizi. Mwanafunzi akikutana na *hawakutuandikia* na kuliandika jinsi lilivyo, faharasa itampeleka kwenye herufi H, ilhali kidahizo *andika* kimo kwenye A. Nomino nazo hubadilika mwanzoni: *vyumba* huelekeza kwenye *chumba*, *meno* kwenye *jino*, *nyuso* kwenye *uso*. Mwanafunzi asiyejua ngeli ndiye anayeihitaji kamusi zaidi, na ndiye anayeambiwa kwamba neno halimo.

Kuipekua kamusi yote kwa kila swali ni dawa ya polepole. Iliyo bora ni kuliundia hifadhidata jedwali la maumbo, ambamo kila umbo la nomino limeandikwa pamoja na kidahizo chake, kisha kuiwekea faharasa safuwima ya maumbo. Kwa vitenzi, ambavyo maumbo yake ni mengi mno kuorodheshwa, programu huchambua neno kwanza, huondoa *ha-wa-ku-tu-* na viambishi tamati, ndipo mzizi *andik* utafutwe. Aidha, anayetaka miishio huweza kuhifadhi maneno yakiwa yamegeuzwa nyuma mbele na kuyawekea faharasa yake.

Gharama yake

Faharasa huchukua nafasi, na kila neno linapoongezwa, kufutwa au kusahihishwa, faharasa zinazohusika nazo hazina budi kurekebishwa. Jedwali lenye faharasa nyingi mno husomeka haraka na kuandikika polepole. Tena, safuwima yenye thamani chache, kama ile ya aina ya neno, kwa kawaida haifaidiki sana: ikiwa nusu ya vidahizo ni nomino, kupitia faharasa huweza kuchelewesha kuliko kusoma jedwali moja kwa moja. Hifadhidata nyingi zina amri ya EXPLAIN, inayoonyesha iwapo faharasa itatumika. Ni vyema kuitumia kabla ya kuongeza faharasa nyingine.

Angalizo la matumizi

*Faharasa* na *fahirisi* yana asili moja ya Kiarabu, na yote mawili hutumika. Mtafsiri achague moja na kulishikilia katika matini nzima, kwani msomaji akikutana na yote mawili hudhani ni vitu viwili. *Kielezo* halifai kwa maana hii: katika maandishi ya kitaaluma, neno hilo kwa kawaida hurejelea mchoro au picha inayofafanua jambo. Mwongozo unaomwagiza fundi «afute kielezo» unaweza kumfanya afute mchoro na kuiacha faharasa.

Vilevile *safu* pekee huleta utata; *safumlalo* na *safuwima* huuondoa.

Mifano:
– *Faharasa hii imeharakisha utafutaji wa vidahizo.*
– *Faharasa zisizotumika ziondolewe.*
– *Safuwima ya maumbo haijawekewa faharasa.*